Hotuba ya Mkurugenzi McQuitty Mbele ya Ukuta wa Bi. Quigg

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Shughuli, ambaye amepata dharura, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye amekwenda kumtafuta, Mchungaji wa Carnhill na Padri wa Forge Row, ambao kwa sababu za kiitifaki tumewaketisha kwa umbali sawa kutoka nilipo, tumepima kwa futi kamba, ndugu viongozi wa chama cha gwaride mliovaa mikanda yenu ya rangi ya chungwa, ndugu viongozi wa kamati ya wakazi mliokataa kuketi karibu na mikanda hiyo, maofisa wa polisi mlio ndani ya gari na mlio nje ya gari, akina mama mlioleta keki, wazee wetu, mabibi na mabwana wa mji huu wa Ballycrennan, itifaki na ihesabiwe kuwa imezingatiwa hata pale nilipopitiwa.

Mimi naitwa Rowland McQuitty, Mkurugenzi wa Idara ya Kuta, Kingo za Barabara na Mapito ya Magwaride, na nimetoka Belfast leo asubuhi kwa gari, katika mvua hii hii mnayoiona, bila kulalamika. (Sauti: "Sisi tuko ndani yake tangu saa tatu!") Nashukuru kwa mapokezi.

Ndugu wananchi, tumekutana hapa kuzindua Mchoro Mkubwa wa Maridhiano, ambao ni tunda la mchakato shirikishi, endelevu na mtambuka, uliobuniwa na Idara yangu baada ya kubaini, kwa njia ya upembuzi yakinifu, jambo ambalo wengi wenu hamkuwa mkilijua, nalo ni kwamba kila mwaka, tarehe kumi na mbili Julai, ndugu zetu Waprotestanti hushuka kutoka Carnhill na gwaride lao, filimbi mbele na ngoma nyuma, wakitaka kupita Forge Row kama walivyopita babu zao, na kwamba ndugu zetu Wakatoliki wa Forge Row husimama barabarani wakisema babu hao walipita kwa sababu wenyeji hawakuulizwa. (Kicheko. Sauti ya mwanamke: "Usituambie!") Nimewaambia. Na upembuzi ukabaini zaidi kwamba kutokana na hali hiyo kuta za mji zimesheheni maandishi na michoro, kwamba kule juu kumechorwa Mfalme wa kale wa Waprotestanti aliyepanda farasi mweupe kwenye ukuta wa ghorofa mbili, na huku chini kuna maneno ambayo mbele ya Mchungaji na Padri siwezi kuyasoma, na kwamba hata kingo za barabara zimepakwa rangi, huku za upande huu na kule za upande ule, hivi kwamba mgeni akishuka basi hujua amefika kwa nani kabla hajajua amefika wapi.

Idara haikulala. Katika kipindi cha miaka sita tumefanya vikao mia moja na kumi na vinne, warsha thelathini na mbili, na semina elekezi moja iliyorudiwa kwa sababu ya ukungu. Tumewahoji wadau. Asilimia themanini na saba nukta nne ya wadau waliohojiwa walisema hawakumbuki kuhojiwa, na hii, kitaalamu, ni dalili kwamba mahojiano yalifanyika katika mazingira tulivu. (Makofi ya mtu mmoja. Ni dereva wa Mkurugenzi.) Ahsante. Mimi binafsi, na nasema hili si kwa kujisifu bali kwa kumbukumbu, nimeongoza vikao themanini katika hivyo, na katika vikao hivyo hakuna mtu hata mmoja aliyenipinga, maana vingi tulifanya ofisini.

Sasa basi, nyuma yangu hapa mnaona turubai. Nyuma ya turubai kuna ukuta wa ubavuni wa nyumba namba mbili, Forge Row, mali ya Bi. Dympna Quigg, mjane, ambaye namwona pale amekaa na mwavuli wake, na ambaye ametuvumilia tangu juzi tulipofunika ukuta wake pamoja na dirisha lake. (Bi. Quigg: "Nimepika uji kwa tochi, Bwana Mkurugenzi!") Mchango wako umepokelewa. Na juu ya ukuta huo, kwa ustadi wa hali ya juu, kwa rangi zinazostahimili...

(Upepo. Kamba ya kushoto inakatika. Turubai linapiga kama tanga, linaanguka juu ya dereva. Ukuta unaonekana wote: umepakwa rangi nyeupe, na juu kabisa, kwa herufi nyeusi za zamani, yanasomeka maneno HAMPITI HAPA. Hakuna mchoro. Vicheko kutoka pande zote mbili za barabara.)

Ndugu wananchi. Naomba utulivu. Mtoeni dereva. Kinachoonekana hapa ni awamu. Mradi wowote mkubwa una awamu, na awamu hii inaitwa maandalizi ya uso, na kama mnavyoona uso umeandaliwa vizuri sana. (Sauti ya mzee: "Aliuandaa Noble Gilpin, si wewe!") Nalifikia hilo. Nalifikia, mzee, tafadhali keti. Sikutaka kulisema hadharani, lakini kwa kuwa mmelianzisha, ninayo hapa ripoti ya afisa wangu wa uwanjani, binti mwaminifu sana ambaye huandika kila kitu, hata tusichomtuma, na nitaisoma kama ilivyo ili ijulikane wazi ni mambo gani yamefanyika katika ukuta huu bila kibali.

Ripoti inaanza kwa kumtaja marehemu Phelim Quigg, mume wa Bi. Quigg, mwasisi wa kamati ya wakazi, ambaye miaka ishirini na sita iliyopita aliandika kwa mkono wake maneno hayo mnayoyaona pale juu, na kila Julai akasimama chini yake. Inamtaja pia Bwana Noble Gilpin wa Carnhill, fundi rangi mstaafu, mchoraji wa yule Mfalme na farasi wake, na mpigaji wa ngoma kubwa katika bendi ya gwaride kwa miaka arobaini. Inasema watu hawa wawili hawakuwahi kunywa chai pamoja. Inasema mazungumzo yao yote yalifanyika Julai, katikati yao kukiwa na polisi, na inatoa mfano. Phelim: "Noble! Umenenepa, au siku hizi unavaa ngoma mbili?" Noble: "Na wewe Phelim, paka rangi upya herufi zako, babu yako ataona haya!" (Kicheko. Bi. Quigg anacheka pia, kisha anainamisha mwavuli.)

Naendelea. Mwaka jana Phelim Quigg alifariki tarehe tisa Julai, nyumbani, kwa maradhi ya moyo. Kwa mila ya huku mwili ulilala sebuleni, watu wakaingia na kutoka, mchana na usiku. Maziko yakapangwa asubuhi ya siku ya tatu baada ya kifo. Siku ya tatu ilikuwa tarehe kumi na mbili. Idara ilipoarifiwa kwamba jeneza na gwaride vitakutana barabara moja saa nne asubuhi, ilichukua hatua mara moja, ikaunda kamati ndogo. Kamati hiyo ilikutana tarehe kumi na tisa. (Kelele. Sauti: "Aibu!") Ilikuwa akidi haijatimia.

Asubuhi ya maziko, wafiwa walipofungua mlango, walikuta ukutani maneno mapya, ya rangi nyekundu, bado mabichi. Ripoti inayanukuu. MMOJA AMEPUNGUA. Yaliandikwa, nanukuu, upande wa nje wa tofali zile zile ambazo upande wake wa ndani marehemu alikuwa amelazwa.

(Vichwa vinageukia ukutani.)

Nasoma tu, ndugu zangu. Ukurasa wa arobaini na moja. "Jeneza lilitoka saa nne kasoro dakika tano. Bendi ilikuwa imefika mdomoni mwa barabara. Polisi walisimama katikati. Vijana wa Forge Row waliyaona maandishi wakaanza kuokota mawe. Bwana Gilpin alikuwa mstari wa mbele na ngoma yake. Aliyatazama maandishi kwa muda mrefu kuliko mtu anayesoma maneno mawili. Kisha akafungua mshipi, akaiweka ngoma chini kwenye lami, akavua kofia. Aliyekuwa nyuma yake akamwambia, 'Noble, piga, bwana, tunapita.' Akajibu, 'Pita wewe. Mimi nina msiba.' Filimbi zikanyamaza moja moja. Jeneza likapita mbele ya bendi. Mawe hayakurushwa. Mimi pia nilivua kofia, ingawa nilikuwa kazini."

Hilo la mwisho nimelishughulikia kinidhamu.

Kesho yake, nasoma, Bwana Gilpin alirudi peke yake saa mbili asubuhi, amebeba ngazi, ndoo na brashi, bila kibali cha kupanda, bila kibali cha kupaka, na bila kibali cha kuvuka kutoka Carnhill kwenda Forge Row kwa shughuli za rangi. Bi. Quigg alitoka na taulo la vyombo mkononi. Afisa wangu alikuwa amesimama upande wa pili akijifanya anasubiri basi. Mazungumzo aliyanukuu kama ifuatavyo, na naomba radhi kwa lugha.

"Wewe Noble Gilpin, unafanya nini kwenye ukuta wangu?"

"Nafuta hii, mama."

"Mimi si mama yako. Na ile ya juu?"

"Ile ya mumeo siigusi."

Hapa ripoti inasema Bi. Quigg alinyamaza kwa dakika mbili, muda ambao kitaalamu tunauita kipindi cha mashauriano. Kisha:

"Unajua nani aliyeandika?"

"Najua."

"Ulimwona?"

"Sikumwona. Ile herufi G naijua. Mkia wake unarudi ndani. Nilimfundisha mimi kuiandika, jikoni kwetu, yeye ana miaka saba."

(Mtu mmoja mwenye mkanda wa rangi ya chungwa anainuka katika safu ya tatu. Ni Alvin Gilpin, mdogo wake Noble. Anasimama kidogo kama anayetaka kusema. Anavuka turubai lililoanguka, anapanda kuelekea Carnhill. Noble Gilpin, aliyekaa nyuma kabisa karibu na ukuta, hageuki kumtazama.)

Wanaotaka kutoka watoke kwa utaratibu. Naendelea. "Bi. Quigg hakuuliza jina. Alisema, 'Ngazi yako inacheza, itakuua, halafu watasema ni mimi.' Akaishika. Bwana Gilpin alipaka ukuta wote mweupe, akizunguka kila herufi ya marehemu kwa brashi ndogo. Ilichukua saa tano. Saa ya tatu Bi. Quigg alisema, 'Umeacha doa pale chini ya P.' Bwana Gilpin alisema, 'Naliona.' Bi. Quigg alisema, 'Phelim angeliona kabla yako.'"

Mwisho wa kunukuu. Sasa ndugu wananchi, hebu tutafakari kitaasisi. Maandishi yale mekundu, pamoja na ubaya wake, yalikuwa yamekwisha kuorodheshwa kama hali ya awali ya ukuta, ambayo kwayo tungepima mafanikio. Bwana Gilpin ameyafuta. Je, sisi tutapima nini? Kwa kitendo hicho cha kiholela mwananchi mmoja, na ngazi mbovu, amemaliza asilimia mia moja ya lengo la Idara kabla Idara haijaanza, hali ambayo imetulazimu kumwandikia barua ya karipio na, katika barua hiyo hiyo, kumtambua kama mdau. (Noble Gilpin: "Niliipata. Nimeitumia kufutia brashi.") Imefika, ndilo la msingi.

Naambiwa kwamba baada ya hapo kulitokea changamoto. Dirisha la Bwana Gilpin lilivunjwa, na watu wa kwake. Bendi ikampokonya ngoma. Na Bi. Quigg naye, dukani, majirani zake wa miaka yote waliacha kumsalimia, na mmoja akamwambia, nanukuu, "Maiti haijapoa unamshikia ngazi mtu wa mikanda ya chungwa." Bi. Quigg akajibu, nanukuu, "Na wewe umeshika nini? Kapu lako tu." (Kicheko kirefu upande wa Forge Row, chenye haya ndani yake.) Haya yote yasingetokea kama mngesubiri mchoro.

(Sauti ya mwanamke: "Mheshimiwa, hukuambiwa la Jumanne?" Aliyesimama ni Attracta Mulgrew, katibu wa kamati ya wakazi.) Bi. Mulgrew, maswali ni baada ya hotuba. ("Si swali. Tumeshakubaliana.") Nani amekubaliana? ("Sisi na wao. Jikoni kwa Dympna.") Bi. Mulgrew, Idara yangu haina taarifa ya kikao chochote cha jikoni. (Anainuka Ivan Haslett, kiongozi wa gwaride, kofia mkononi: "Ni kweli, Mheshimiwa. Nilikuwepo. Tulikuwa tisa kwa viti vinne, nilikaa karibu na friji.")

Kilikuwa na mwenyekiti? ("Dympna.") Ajenda? (Haslett: "Alisema tukae, tukakaa. Akasema, 'Ivan, mtapita mwaka huu. Mtapita polepole, filimbi mfukoni, ngoma moja tu, pigo moja moja, kutoka mlangoni kwangu hadi darajani, kama mnavyopita mbele ya kanisa.' Nikasema sawa, hilo tunaliweza. Akasema, 'Sijamaliza. Ngoma ataipiga Noble.' Nikamwambia Noble tumemtoa. Akasema, 'Basi mrudisheni. Akipiga mwingine yeyote, nalala barabarani mimi mwenyewe na goti langu hili, mje mnipite juu.'")

(Bi. Quigg: "Na ningelala!" Attracta Mulgrew: "Mimi nilipinga. Bado sipendi. Watatu wa kamati wamejiuzulu. Lakini barabarani hatutasimama." Haslett: "Na kwetu kumi na wawili wamesema hawatatembea." Sauti kutoka nyuma, haijulikani ya upande gani: "Afadhali, wanakanyaga vibaya.")

Na Bwana Gilpin amesemaje? (Noble Gilpin, bila kuinuka: "Nimesema nitapiga. Sipigi kwa ajili yenu. Phelim hakuwahi kuisikia ngoma yangu ikipigwa taratibu. Miaka yote alikuwa anapiga kelele juu yake.")

(Bi. Quigg anatafuta kitambaa mfukoni, anapata risiti, anafuta macho kwa risiti hiyo.)

Ndugu wananchi. Ndugu wananchi, nawapongeza kwa moyo, lakini lazima niseme ukweli wa kiofisi. Makubaliano yasiyo na kumbukumbu, yasiyo na mihuri, yaliyofikiwa na watu tisa katika jiko lenye viti vinne, hayawezi kuitwa makubaliano. Hayamo katika faili. Kwa tafsiri ya Idara, hayajatokea. Mtakapopita tarehe kumi na mbili kwa amani, mtakuwa mmepita bila msingi. Ndiyo maana nawasihi mrejee katika mradi, wenye malengo, wenye viashiria, wenye mchoro utakaoonyesha, hapo hapo juu ya ukuta, mikono miwili ikishikana, mmoja ukitoka kushoto... (Bi. Quigg: "Mikono ya nani?") Mikono ya jumla. ("Sitaki mikono ya jumla kwenye nyumba yangu.") Yako itapewa kipaumbele.

Na sasa, tusimame wote kwa kaulimbiu. Nikisema "Kuta safi", mtajibu "Mioyo safi". Kuta safi! (Kimya. Mvua.) Mioyo safi. Nikisema "Mapito salama", mtajibu "Maendeleo endelevu". Mapito salama! (Mbwa anabweka.) Ahsante. Maridhiano oyee! (Dereva, kutoka chini ya turubai: "Oyee.")

Kwa kuhitimisha, naomba nitoe shukrani. Naishukuru Kamati Tendaji ya Mchoro Mkubwa wa Maridhiano, ambayo itateuliwa mara tu mradi utakaposajiliwa. Namshukuru mchoraji mahiri, ambaye jina lake litajulikana pindi nafasi yake itakapotangazwa. Nawashukuru wahisani kwa moyo walio nao, ambao tutaufikia. Naishukuru Wizara kwa barua yake ya mwezi uliopita, iliyothibitisha kwamba hawana kumbukumbu yoyote ya mradi huu, hatua ambayo inatupa uwanja mpana wa kuanzia. Na nawashukuru nyinyi wananchi...

(Attracta Mulgrew: "Ngoja, Mheshimiwa. Kumbe mradi haupo?")

Upo. Umetajwa.

("Umetajwa wapi?")

Katika hotuba hii, Bi. Mulgrew. Ukurasa wa kwanza hadi wa tisa. Kwa sasa hiyo ndiyo nakala pekee, na kama mnavyoona, imelowa, wino umeanza kutembea, ukurasa wa nne nimeusoma kwa kubahatisha.

(Watu wanakunja viti. Wa Carnhill wanakunja vyao, wa Forge Row vyao. Kisha viti vinachanganyika na hakuna anayejua vya nani ni vipi. Mchungaji na Padri wameshika ncha mbili za turubai wanalikung'uta. Bi. Quigg amesimama mlangoni mwake, amemshika mkono Noble Gilpin kwa sababu ya goti, anasema: "Mwacheni, jamani, ametoka mbali. Bwana Mkurugenzi, zilete hizo karatasi zako tuzianike juu ya jiko.")

Bi. Quigg, shughuli hiyo haimo katika ratiba, na siwezi kuingia katika nyumba ambayo ni eneo la mradi bila kuandikiana.

("Kuna keki ya tangawizi.")

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Nakuja.